Nani Kasema Mwili Wako ni Mgumu Kushonea?

Alikuja jioni nikiwa nimeshafunika cherehani. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu ninayemfahamu miaka mingi hapa Mwanga, Kigoma, na mkononi alikuwa na blauzi ya kitenge aliyoshonewa na fundi mwingine. Mpya. Haijafuliwa hata mara moja. Akaingia nyuma ya pazia, akaivaa, akatoka na kusimama mbele ya kioo.

Kifuani vifungo viwili vilikuwa vinavutana, na katikati yake kitambaa kimeachama mpaka sidiria inachungulia. Chini ya kifua mambo yamegeuka: kitambaa tele, kimeshuka hadi nyongani bila kumgusa popote. Mshono wa bega umeteremkia mkononi. Mgongoni, juu kidogo ya kiuno, palikuwa na ziada ambayo ukiikusanya inajaa kiganja.

"Wewe nipunguzie ubavuni tu, fundi," akasema. "Hapo kifuani nitajifunika mtandio."

Nikamwambia tatizo haliko ubavuni. Akacheka kidogo.

"Mafundi wote wananiambia mwili wangu ni mgumu kushonea. Nimeshazoea."

Hiyo "nimeshazoea" ndiyo iliyoninyima raha. Imenifuata wiki hizi zote, nikikata, nikipiga pasi, nikiteremka zangu sokoni kununua uzi. Mtu mzima, ana mshahara wake, analipia kitambaa na analipia ufundi, halafu amekwisha kukubali kwamba blauzi haitamkaa mpaka anazeeka.

Namba nane

Mwalimu ana umbo la namba nane. Nimemwomba ruhusa ya kuandika vipimo vyake, akakubali kwa sharti la kutotajwa jina. Kifua inchi 40, kiuno 29, nyonga 42. Juu na chini vinakaribiana, katikati pameingia.

Ni umbo linalosifiwa kila mahali. Akipita dada wa namna hiyo kwenye sherehe, shangazi wanapiga vigelegele. Vijana wa bodaboda ndio usiseme. Wapo wanaomeza vidonge visivyojulikana vimetoka wapi ili walipate. Halafu aliyezaliwa nalo akifika kwa fundi anaambiwa ni mgumu.

Mgumu kwa nani?

Kwa viwanda, jibu ninalo. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kule Marekani kilifanya utafiti uliotangazwa mwaka 2005, wakaangalia miili ya wanawake zaidi ya 6,000. Wenye umbo la namba nane walikuwa kama asilimia 8 tu. Karibu nusu walikuwa na mwili ulionyooka, kiuno hakijaingia sana. Ukija kwenye chati za kukatia, hadithi ni hiyohiyo. Burda, jarida la Kijerumani ambalo mafundi wa nchi nyingi wanakatia nguo kwa karatasi zake, linaandika saizi 38 hivi: kifua sentimita 88, kiuno 70, nyonga 94. Tofauti ya kifua na kiuno ni sentimita 18, yaani inchi 7 na kidogo.

Ya mwalimu ni inchi 11.

Kwa hiyo kiwanda kinachotoa maelfu ya blauzi kwa mpigo kinawafuata walio wengi, na yeye hayumo. Kiwanda nakielewa, hakimjui. Lakini sisi mafundi wa barazani tunamwona kwa macho, amesimama mbele yetu, tepu imemzunguka mwilini. Sisi tunajitetea kwa lipi?

Gawa kwa nne

Ufundi wa barazani una kanuni moja tamu sana. Chukua kipimo cha kifua, gawa kwa nne, ongeza nafasi ya kupumulia, kata. Kanuni hii imewavisha watu wengi na imelisha familia nyingi, siidharau. Kwa mtu ambaye mbele yake na nyuma yake vinalingana, inatoa blauzi safi kabisa.

Mwalimu 40, gawa kwa nne ni 10. Inchi 10 kila kipande: viwili vya mbele, viwili vya nyuma. Yaani mbele 20, nyuma 20.

Jioni ile nilimpima upya, ila sikumzungushia tepu mwili mzima. Nilianza mgongoni, kutoka pale mshono wa ubavu wa kushoto unapotakiwa kukaa hadi wa kulia. Inchi 17 na nusu. Maana yake zilizobaki, 22 na nusu, zote ziko mbele.

Nilikaa nikaziangalia zile namba mbili kwenye daftari kwa muda. Ukimkatia 20 kwa 20 umemnyima inchi 2 na nusu mbele, na hizohizo ulizomnyima umezirundika mgongoni. Blauzi ile haikuwa ndogo, ilikuwa na kitambaa cha kumtosha. Kitambaa kilikuwa upande usiokihitaji.

Halafu kuna kipimo ambacho hatukichukui kabisa: juu ya kifua, tepu ikipita chini ya makwapa na kukaza juu ya matiti. Kwake ni 36. Mabega, shingo na makwapa ya mtu yanafuata kipimo hiki, hayafuati kifua kilichojaa. Mifupa ya mabega haijui kwamba chini yake kuna 40. Fundi aliyekata kwa 40 alimpa mwalimu mabega ya mwanamke mwingine, mpana zaidi, ndiyo maana mshono umelala mkononi na shingo imepwaya.

Na sasa mtu huyu anaomba apunguziwe ubavuni. Kama ningempunguzia, vifungo vingezidi kuvutana.

Ujiji

Kujua kosa liko wapi ni jambo moja. Kulirekebisha juu ya kitambaa, bila karatasi ya kukatia, kwa chaki na mkasi, ni jambo lingine, na nilikuwa na wasiwasi nalo. Vitabu vinaeleza namna ya kuchana karatasi kutoka kiunoni hadi kwenye ncha ya kifua na kuitanua. Wangapi kati yetu tunakatia karatasi? Mteja ameleta kitenge asubuhi, anakitaka keshokutwa.

Nikaenda Ujiji kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa alikuwa anashona tangu sijazaliwa. Macho yake sasa hayaoni tundu la sindano, lakini ukimpa nguo anaisoma kwa vidole. Wateja wake wakubwa enzi hizo walikuwa wanawake wa ng'ambo ya ziwa, wake wa wafanyabiashara waliokuwa wanakuja na vitenge kutoka Uvira na Kalemie, Kongo. Walitaka libaya, ile blauzi inayovaliwa na kitenge cha kujifunga, na kwa habari ya libaya hawakuwa na mzaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikampa blauzi ya mwalimu. Akaigeuza nje ndani, akaitandaza kwenye mkeka, akapitisha kidole gumba kutoka bega hadi pindo, mbele, kisha nyuma.

"Huyu kakatiwa shati la kiume."

Akanieleza kwamba wale wateja wake walikuwa wanainua mkono, wakiona mikunjo imetoka kifuani kwenda kwapani hawalipi. Kwa hiyo alijifunza kukata nyuma kwanza, peke yake, kwa kipimo cha mgongo. Kipande cha nyuma kikishapatikana, anakilaza juu ya kitambaa cha mbele na kuchora bega na kwapa tu, basi. Shingo ya mbele anaichimba baadaye. Ubavuni anasogea nje kwa kiasi ambacho mbele imezidi. Chini anashuka kwa kiasi ambacho mbele ni ndefu kuliko nyuma.

Hapo kwenye urefu nikamsimamisha. Akaniambia nimpime yeye mwenyewe nione. Kutoka bega kupita juu ya kifua hadi kiunoni, kisha kutoka bega lilelile kushuka mgongoni hadi kiunoni. Niliporudi Mwanga nikampima mwalimu vilevile: mbele 17 na nusu, nyuma 16. Kifua kinakula urefu. Usipokipa hiyo inchi moja na nusu kinaivuta blauzi juu, pindo la mbele linapanda na la nyuma linaning'inia. Ukikipa, ubavu wa mbele unakuwa mrefu kuliko wa nyuma, na ile tofauti unaimeza kwa dati ya ubavuni, yaani mkunjo wa kuchongoka unaoanzia kwenye mshono wa ubavu na kuelekea kifuani. Dati ile haiko pale kwa urembo. Inameza kile ambacho mbele imezidi, ili mishono ya ubavu ikutane sawa.

"Mbele ni mtu mwingine, mwanangu," alisema. "Mpime peke yake."

Inchi 11 zinakwenda wapi

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu blauzi nyingi za namba nane zinaharibikia hapa, na wateja mnaosoma mkijua hili mtajua cha kumuuliza fundi.

Kifua 40, ukiongeza inchi 2 za kupumulia ni 42. Kiuno 29, ukiongeza 2 ni 31. Kutoka 42 kushuka 31, kuna inchi 11 za kuondoa. Fundi mwenye haraka anaziondoa zote ubavuni. Blauzi ina mbavu mbili na kila ubavu una kingo mbili, kwa hiyo kila ukingo unakatwa karibu inchi 2 na robo tatu. Mshono unalala mshazari kuingia kiunoni, halafu ghafla unatakiwa utoke tena nje kuifuata nyonga. Kitambaa kinakataa. Kinatoa mikunjo ya kulala, kinapanda juu, na mbele chini ya kifua bado pamebaki pwaya kwa sababu hakuna aliyepagusa.

Kwa mwalimu nilizigawa hivi. Ubavuni niliondoa inchi 3 tu kwa jumla, robo tatu kila ukingo. Mbele niliweka dati mbili za kusimama, inchi 2 kila moja. Nyuma dati mbili za inchi moja na nusu. Inchi moja iliyobaki ikaingia kwenye mshono wa katikati ya mgongo. Jumla 11, na hakuna sehemu moja iliyobeba mzigo wote.

Dati ya mbele inaishia kabla ya ncha ya kifua, inchi moja hivi chini yake. Ukiifikisha juu kabisa kitambaa kinachongoka, na hakuna pasi itakayokirudisha. Mwisho wa dati sirudishi cherehani nyuma kukaza. Naacha nyuzi ndefu nazifunga kwa mkono, ili mshono ufie taratibu. Kisha pasi. Hapa naviringisha taulo ndani ya kanga kuukuu, nalipachika chini ya kifua cha blauzi na kupiga pasi juu ya uvimbe wake, kidogo kidogo, kwa ncha ya pasi. Ukipiga pasi mezani, kitambaa ulichokihangaikia kikae duara unakilaza tena.

Tofauti ikiwa kubwa zaidi ya hapo, au kitenge kikiwa kizito, naacha dati na kukata mshono wa prinsesi, ule mrefu unaoanzia kwapani, unapita juu ya kifua na kushuka hadi pindoni. Mshono huo unaondoa kiunoni na kurudisha nyongani bila kukatizwa. Kushona ule mpindo wa kifuani kunahitaji subira, na anayekushonea vizuri mlipe haki yake.

Kitenge cha pamba hakivutiki. Fulana inasamehe inchi mbili, kitenge hakisamehi hata nusu. Tena kipya kina dawa na kinaweza kurudi kikifuliwa, kwa hiyo kiloweke kwanza, kikaushe, ndipo ukikate. Blauzi inayokaa vizuri siku ya sherehe na kubana baada ya kufuliwa mara ya kwanza ilikatwa kabla ya kulowekwa.

Na pindo. Blauzi ikifika nyongani inataka 44 pale chini, kwa mtu wa 42. Ikikosa inakwama juu ya nyonga na kukwea, ile ziada inajikusanya kiunoni, na mwenyewe anajitazama kwenye kioo anasema nimenenepa tumbo. Hajanenepa. Blauzi imekosa njia ya kushukia. Mwachie mipasuo ubavuni, au ikate fupi iishie juu ya mfupa wa nyonga. Mimi sipendi pindo linaloishia palepale nyonga ilipo pana kuliko kote. Linachora mstari mahali ambapo hakuna aliyeomba mstari.

Inikae, isinishike

Blauzi ya zamani haikuokoleka. Huwezi kuongeza mbele kitambaa ambacho hakipo. Bahati nzuri mwalimu alinunua pisi nzima, yadi 6, kikabaki cha kutosha. Nikakata upya, nikaishikiza kwa mkono, nikamwita ajaribu.

Kiunoni nilikuwa nimeacha nafasi ya zile inchi 2 tu, kusudi aone mwisho wa kubana uko wapi, halafu achague mwenyewe.

Ilimkaa. Sijui niseme vipi. Mabega yalitulia mahali pake, vifungo vikalala, mgongo ukanyooka, na kiuno kikaonekana kama kilivyo. Niliona fahari. Nilikuwa na hakika atasema niishonee hivyohivyo.

Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akainua mkono wa kulia juu, kama anaandika ubaoni, akaushusha. Akavuta mtandio ukashuka kifuani.

"Imependeza, fundi. Ila hii siwezi kusimama nayo mbele ya darasa la saba."

Nikanyamaza.

"Nataka blauzi inikae, isinishike."

Neno hilo lilinifikisha mahali ambapo sikutarajia kwenda. Tunaposema nguo "imemtoa" mtu, tunaongea kwa macho ya nani? Mji wetu ni wa stara. Wanawake wengi wanaokuja kwangu wanavaa ushungi, wengine baibui juu ya kila ninachowashonea, na blauzi ile itaonekana na dada zao na mume tu. Wengine ni Wakristo wa kwaya, wanataka kusimama mbele ya kanisa bila kuvuta nguo. Wote wanapenda kiuno chao. Sijakutana na mwanamke anayeomba nimfiche awe gogo. Lakini kati ya kufichwa na kuanikwa kuna nafasi kubwa, na mwenye haki ya kuchagua asimame wapi kwenye nafasi hiyo ni mvaaji. Fundi hachagui, na wapita njia hawachagui.

Nilifumua, nikaongeza kiunoni hadi inchi 3 za nafasi, kwa kupunguza kidogo kila dati. Kisha nikasubiri kuona umbo likipotea.

Halikupotea.

Hili ndilo lililonigeuza. Nafasi iliongezeka na namba nane ikabaki ileile, wazi, kwa sababu mabega yako sawa, kifua kina kitambaa chake, na mteremko kutoka kifuani kwenda kiunoni unafuata mwili kutoka pande zote. Umbo halikuletwa na kubana. Lilikuja pale kila sehemu ya mwili ilipopewa kitambaa chake. Kiganja changu kilipita kati ya blauzi na kiuno chake bila kusukuma, na bado ukimtazama kutoka barabarani unajua huyu ana kiuno.

Na kuhusu ule mkono wa ubaoni: nilipandisha kwapa badala ya kulishusha. Watu wanadhani kwapa kubwa ndilo linaloachia mkono. Kwapa likiwa chini sana, ukiinua mkono unainua blauzi nzima. Likikaa juu, karibu na mwili bila kukata, mkono unapanda peke yake na pindo linabaki chini.

Mabinti na korseti

Mabinti wananiletea simu. "Dada, nataka huu mshono." Siku hizi mara nyingi ni korseti ya kitenge, yenye vijiti vya plastiki ndani na vikombe kifuani. Nashona, na nashona kwa moyo. Harusini, mbele ya kamera, korseti ina mahali pake.

Lakini huwa nawaambia kitu kimoja. Tarehe 12 Februari 1947, pale Paris, Christian Dior alionyesha nguo zilizotikisa dunia, na maarufu kuliko zote ilikuwa jaketi ya kiuno chembamba kabisa, na nyonga zake zilijazwa kwa ndani ili zitokeze. Umbo lile lilijengwa na nguo. Vijiti na vijazo vinaweza kumpa yeyote namba nane. Sasa kama kitambaa kinaweza kumpa kiuno asiye nacho, inauma zaidi kuona kinamnyang'anya aliye nacho.

Kwa hiyo binti wa namba nane hahitaji vijiti kumi na viwili. Prinsesi nzuri na bitana imara vinamtosha, na atakula pilau kwa raha. Mikanda ya kubana tumbo pia, msije nayo kupimwa. Nikikupima umeivaa nitakuwa nimeushonea mkanda.

Blauzi ya kupishanisha ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi. Inafunguka shingoni kwa V, inafungwa kiunoni, na mwili ukiongezeka au kupungua unaifunga upya. Kwa mwenye stara naongeza kifungo cha kubana kwa ndani pale V inapokutana, isiachame akiinama. Shingo ya mraba nayo inapendeza sana. Marinda ya kifuani na shingo iliyofunga hadi kooni, kwa mwenye kifua kilichojaa, sivipendi: vinaongeza pale palipokwisha kujaa, na kiuno kinasahaulika chini huko. Ya kumwagika kuanzia kiunoni ni nzuri mno kwa umbo hili, ila ianzie kiunoni kweli. Ikianzia inchi mbili chini yake inamfanya mtu aonekane ana kiwiliwili cha kuazima.

Na tazameni maua ya kitenge. Kitenge chenye miduara mikubwa kinaweza kuweka mduara mmoja juu ya kila titi fundi asipokuwa macho. Mimi natandaza, nachagua ua gani likae katikati, ndipo nachukua chaki. Wakati mwingine inakula robo yadi zaidi. Ni halali yake.

Kwa wanaovaa mtumba neno ni fupi: chagua kwa bega na kifua, kiuno tutapunguza. Ukichagua kwa kiuno, kifua hakiongezeki.

Wa Kasulu na Kibondo

Kuna mnaonitumia vipimo kwa simu, na kamati za harusi mnaoleta sare ya watu wengi kwa maandishi ya S, M na L. Hizo herufi sizipokei tena kwa blauzi. Aliye karibu aje. Aliye mbali atafute mtu wa kumpima, avae sidiria atakayoivaa siku yenyewe, kwa sababu sidiria ikibadilika kifua kinahama.

Afunge uzi kiunoni, ajipinde kushoto na kulia mara chache, aache uzi utulie unapotaka. Pale ndipo kiuno chake kilipo, hata kama ni juu kuliko alivyodhani. Kisha mnitumie: juu ya kifua, kifua chenyewe, mgongo kutoka ubavu hadi ubavu, kiuno, nyonga, bega hadi uzi kwa mbele, bega hadi uzi kwa nyuma, ncha ya kifua hadi ncha ya pili, na bega hadi ncha. Andikeni pia mnataka nguo iwakae kwa nafasi gani, kwa maneno yenu wenyewe, na mtaivaa wapi.

Siku ya kujaribisha, inueni mikono yote miwili na kuinama kidogo kabla hamjaniambia imekaa.